Kodi, Steji na Kura: Chimbuko la Vurugu za Kisiasa Eastlands

Mitaa miwili ya Eastlands, Mbotela na Ofafa, ina majina ya wanasiasa waliouawa. Tom Mbotela, aliyewahi kuwa makamu wa rais wa chama cha KAU, aliuawa Novemba 1952 karibu na soko la Burma, wiki chache baada ya Gavana Evelyn Baring kutangaza Hali ya Hatari nchini Kenya. Ambrose Ofafa aliuawa mwaka 1953. Serikali ya kikoloni ilipojenga nyumba mpya za Waafrika mashariki mwa Nairobi katika muongo huo, iliita mitaa kwa majina yao. Wakazi wengi wa sasa hawajui kwamba kila wanapoandika anwani zao wanawataja watu waliopoteza maisha kwa sababu ya siasa.

Eastlands ni jina pana. Inaanzia Pumwani, Shauri Moyo na Kaloleni, jirani na katikati ya jiji, ikapitia Jericho, Makadara na Buruburu, na kufika Umoja, Kayole na Dandora. Upande wa kaskazini kuna Eastleigh, Mathare, Huruma, Kariobangi na Korogocho. Si mitaa yote iliyowahi kuwaka moto. Buruburu, iliyojengwa miaka ya 1970 kwa wafanyakazi wenye mishahara waliokuwa wakilipia nyumba hadi ziwe zao, haina historia kama ya Mathare, ingawa safari kati ya mitaa hiyo miwili ni fupi na watu wa makabila yale yale wanaishi kote kuwili. Tofauti hiyo inastahili kuangaliwa kwanza kabla ya kulitaja kabila, maana ukabila ndilo jibu linalotolewa upesi kila moshi unapoonekana juu ya Huruma, na peke yake halielezi kwa nini moshi huo hauonekani Buruburu.

Chanzo cha mbali kiko katika namna mitaa yenyewe ilivyozaliwa. Wakoloni waliuona mji wa Nairobi kuwa wa Wazungu, na Mwafrika akahesabiwa kuwa kibarua wa kupita tu, anayepaswa kurudi kijijini kazi ikiisha. Pumwani ilitengwa kwa ajili ya Waafrika mwanzoni mwa miaka ya 1920. Shauri Moyo na Kaloleni zikafuata katika miongo miwili iliyokuja, na kampuni ya reli nayo ikawa na nyumba zake Muthurwa na Makongeni. Vyumba vilikuwa vidogo, vilihesabiwa kwa vitanda, na mwanamume aliyepoteza kazi alipoteza na mahali pa kulala. Msongamano huo ndio uliowapa wanasiasa wa wakati ule watu wa kuwasikiliza. Mgomo mkubwa wa Mei 1950, uliofuata kukamatwa kwa viongozi wa wafanyakazi Fred Kubai na Makhan Singh, ulipata nguvu zake katika mitaa hii.

Alfajiri ya tarehe 24 Aprili 1954 majeshi ya Uingereza yaliuzingira mji katika operesheni iliyoitwa Anvil, chini ya Jenerali George Erskine. Askari walipita nyumba kwa nyumba wakitafuta watu waliokuwa wakiwapelekea Mau Mau fedha, silaha na vijana. Zaidi ya watu 20,000, karibu wote Wakikuyu, Waembu na Wameru, walipelekwa kizuizini katika kambi kama Lang'ata, Manyani na Mackinnon Road, na familia zao zikarudishwa mashambani. Kazi na vyumba walivyoviacha vilichukuliwa na Waluo, Waluhya na Wakamba. Hao walioingia hawakuwa na kosa lolote. Walitafuta riziki mahali ilipopatikana. Lakini tangu siku hiyo mgawanyo wa makabila katika mitaa ya Eastlands ukawa umepangwa kwa bunduki ya serikali, na anayedai leo kwamba jamii hizi zimegombana tangu enzi za mababu anasahau kazi iliyofanywa na wiki chache za mwaka 1954.

Ushahidi kwamba chuki haikuwa ya kurithi ulionekana miaka saba tu baadaye. Katika uchaguzi wa mwaka 1961 Tom Mboya, Mluo, aligombea kiti cha Nairobi Mashariki, eneo lililokuwa na wapiga kura wengi Wakikuyu. Alipata kura zaidi ya 31,000. Mpinzani wake, Munyua Waiyaki, hakufikisha 3,000. Mboya alikuwa mtu wa vyama vya wafanyakazi, na wapiga kura wa Kaloleni na Bahati walimjua kwa kazi ya kupigania mishahara yao. Baadaye akawa mbunge wa Kamukunji, mpaka alipopigwa risasi Julai 5, 1969 katikati ya jiji. Kifo chake kilichimba shimo kati ya Waluo na Wakikuyu, na wanasiasa wa pande zote wamelitumia shimo hilo mara nyingi tangu wakati huo.

Baada ya uhuru ardhi ndiyo iliyoleta ugomvi wa kila siku. Mathare ilikua kwa vibanda vya watu waliokuja mjini bila pa kukaa. Kuelekea mwaka 1970 kampuni za wanahisa, wengi wao Wakikuyu, zilinunua vipande vya bonde hilo na kujenga vyumba vya kupangisha. Dandora ilianzishwa katikati ya miaka ya 1970 kwa mkopo wa Benki ya Dunia: ploti zipatazo 6,000 zilizopimwa na kuwekewa maji na mitaro, kila mwenye ploti ajenge nyumba yake pole pole. Mpango ulikuwa mzuri, lakini ploti nyingi ziliishia mikononi mwa watu wasioishi pale, waliopandisha maghorofa ya chumba kimoja kimoja. Kwa hesabu ya watu ya mwaka 2019, kaunti ndogo ya Mathare ilikuwa na wakazi 206,564 katika eneo la kilomita tatu hivi za mraba, karibu watu 69,000 kwa kila kilomita moja ya mraba. Karibu wote ni wapangaji.

Hapo ndipo kabila linapoingia, kwa mlango wa kodi. Mahali ambapo wenye nyumba wengi ni wa jamii moja na wapangaji wengi ni wa jamii nyingine, ugomvi wa kawaida kabisa kuhusu shilingi mia tano za nyongeza ya kodi hugeuka kuwa ugomvi wa watu na watu. Aliye na hatimiliki na mkataba wa maandishi anaweza kwenda mahakamani. Asiye na hati, kama ilivyo kwa wengi wa pande zote mbili Mathare na Korogocho, humtafuta kijana wa kumfukuzia mpangaji, na mpangaji naye hutafuta vijana wa kumlinda. Mwaka 2001, huko Kibera, ng'ambo ya pili ya jiji, kauli ya Rais Daniel arap Moi kwamba kodi zipunguzwe ilitosha kuzusha mapigano kati ya wenye nyumba na wapangaji, na watu wakafa. Huyu mwenye nyumba wa Eastlands asidhaniwe kuwa tajiri wakati wote. Wengi ni wajane na wastaafu wenye vyumba sita vya mabati, na vyumba hivyo ndivyo vyote walivyo navyo.

Huduma nazo ziliacha pengo, na pengo hilo likapata wenyewe. Pale ambapo jiji halikufikisha mabomba, maji yaliuzwa kwa mtungi. Umeme ulivutwa kwa nyaya za kuiba na kulipiwa kila mwezi kwa mtu asiye na risiti. Taka zilizolewa na vikundi vya vijana, na jalala la Dandora, lililofunguliwa miaka ya 1970, likawa na wakuu wake wanaoamua nani aokote nini. Choo, ulinzi wa usiku na chang'aa inayopikwa kando ya mto vyote vilikuwa na mtu wa kukusanya. Faida kubwa zaidi ilikuwa kwenye matatu. Anayeshika steji hutoza kila gari kila linapopakia, na magari ya Dandora, Kayole na Huruma yanapakia kuanzia alfajiri hadi usiku. Mkusanyaji wa namna hiyo hahitaji itikadi. Anahitaji vijana wa kutosha kumzuia mkusanyaji mwingine, na mtu mkubwa serikalini wa kumtoa mbaroni anapokamatwa.

Mungiki ilianza mwishoni mwa miaka ya 1980 katika Bonde la Ufa kama kundi la vijana Wakikuyu wenye kutetea mila. Ilipofika Nairobi iliingia kwenye biashara hiyo ya steji na ulinzi. Kundi lililojiita Taliban, ambalo halikuwa na uhusiano wowote na Afghanistan wala na Uislamu, liliundwa na vijana wengi wao Waluo kuwapinga. Usiku mmoja wa Machi 2002 wafuasi wa Mungiki waliingia Kariobangi Kaskazini na mapanga na mashoka kulipiza kisasi, na zaidi ya watu 20 wakauawa, wengi wakiwa wapita njia waliokuwa wakirudi nyumbani. Serikali ilipiga marufuku makundi 18. Marufuku hayo hayakugusa mapato ya makundi, kwa hiyo makundi yaliendelea. Novemba 2006 Mungiki na Taliban walipigana tena Mathare, safari hii kuhusu ada waliyotozwa wapika chang'aa, nyumba zikateketezwa na maelfu ya watu wakakimbia. Hapakuwa na uchaguzi wowote mwezi ule. Anayetaka kuelewa yaliyotokea mwaka mmoja baadaye aanzie hapo, maana makundi yaliyopigania pombe mwaka 2006 ndiyo yaliyokuwa tayari, yamejipanga na kuzoea mapanga, kura zilipoingia.

Siasa iliyakuta makundi haya na kuyakodi. Katika miaka ya 1990, vyama vingi viliporudi, wanasiasa wa Nairobi walikuwa na vijana wa kuvunja mikutano ya wapinzani. Kundi lililoitwa Jeshi la Mzee lilijulikana kwa kazi hiyo. Bei ya kumkodi kijana ni ndogo kwa sababu siku yake nyingine haina bei. Anashinda kwenye besi, kijiwe chake cha kila siku, akisubiri kazi ya mjengo ambayo huenda isije. Mgombea wa udiwani, na siku hizi wa uwakilishi wadi, anapokuja na fulana, chakula na noti kadhaa, kijana anauza kile pekee anachohitajiwa nacho, yaani mwili wake. Zaidi ya malipo ya siku hiyo kuna ahadi: mtu wetu akipita, steji ni yetu, kandarasi ya taka ni yetu, na polisi hawatatusumbua. Kwa hiyo kwake kura si jambo la Ikulu tu. Ni swali la nani atakusanya Jumatatu asubuhi. Viongozi wanaolaani vijana hao majukwaani na kuwaita usiku wanabeba lawama kubwa kuliko vijana wenyewe, na sheria za Kenya hazijawahi kuwaadhibu ipasavyo.

Desemba 30, 2007 Mwai Kibaki alitangazwa mshindi dhidi ya Raila Odinga na kuapishwa jioni ile ile. Mathare, Huruma, Kariobangi, Korogocho na Dandora ziligawanyika kwa saa chache. Wapangaji Waluo na Waluhya walifukuzwa upande mmoja, wenye nyumba na wapangaji Wakikuyu wakafukuzwa upande wa pili, na nyumba zilizoachwa zikakaliwa na wengine waliokataa kulipa kodi miezi mingi baada ya amani kurudi. Mwezi uliofuata, Januari 29, 2008, Mugabe Were, mbunge mpya wa Embakasi aliyechaguliwa kwa tiketi ya ODM, chama cha Raila, aliuawa kwa risasi langoni pa nyumba yake, na mitaa ikachafuka upya. Tume iliyoongozwa na Jaji Philip Waki ilihesabu vifo 1,133 nchi nzima, 125 kati yake vikiwa Nairobi. Kati ya wote hao, 405 walikufa kwa risasi. Katika mitaa ambako vijana walipigana kwa panga na mawe, idadi hiyo inaonyesha wazi ni mikono ya nani iliyoshika bunduki.

Ukizipanga chaguzi kwa mfuatano, jambo moja linajitokeza. Mwaka 2002 Raila alimuunga mkono Kibaki, na Waluo na Wakikuyu wa Mathare wakapiga kura pamoja bila damu kumwagika. Muungano ulivunjika, kura ya maoni ya Novemba 2005 kuhusu katiba ikawatenganisha, na miaka miwili baadaye majirani wale wale wakachomeana nyumba. Mwaka 2017 Uhuru Kenyatta na Raila walikuwa wapinzani, na watu wakafa. Machi 9, 2018 wawili hao wakapeana mikono mbele ya Harambee House. Agosti 2022 walikuwa upande mmoja, na Mathare ikapita uchaguzi kwa utulivu ambao wazee wake hawakuwa wameuona kwa muda mrefu. Mpangaji wa Huruma hakubadilika kabila katika miaka hiyo ishirini. Wakubwa ndio waliobadilisha washirika. Utulivu unaotegemea nani amekula na nani mwaka huu ni utulivu wa kuazima, na wanaolipia unapokwisha ni watu wasiokuwepo mezani.

Utulivu wa mwaka 2013, ambapo Uhuru na Raila walikuwa wapinzani, ulikuwa na sababu nyingine kidogo. Kesi za Mahakama ya Kimataifa ya Jinai kuhusu vurugu za uchaguzi wa 2007 zilikuwa zikiendelea, Katiba ya 2010 ilikuwa imeleta Mahakama ya Juu ambayo wengi waliiamini, na Raila aliyeshindwa alikubali uamuzi wake. Hofu ya mwaka 2008 pia ilikuwa mbichi. Vikundi vya akina mama, makanisa, misikiti na timu za kandanda vilifanya kazi kubwa ya kuzungumza na vijana, na kazi hiyo haipati sifa inayostahili.

Kwa upande wa polisi, historia ya Eastlands ni ndefu na yenye uchungu. Uwanja wa Kamukunji, ambao jina lake limekuwa neno la Kiswahili cha Kenya lenye maana ya mkutano wa kisiasa, ndipo Kenneth Matiba na Charles Rubia walipoitisha mkutano wa Saba Saba mwaka 1990. Walikamatwa siku tatu kabla. Watu walikuja hata hivyo, na polisi wakafyatua risasi. Mwaka 2007 polisi waliingia Mathare kuwasaka Mungiki na kuua zaidi ya watu 30. Ripoti ya Philip Alston, mtaalamu wa Umoja wa Mataifa, ilieleza mwaka 2009 kwamba polisi wa Kenya walikuwa wakiua bila kufuata sheria na bila kuogopa kushtakiwa. Sheria ya kuunda mamlaka ya kusimamia polisi, IPOA, ilipitishwa mwaka 2011. Lakini katika uchaguzi wa Agosti 2017 mashirika ya Human Rights Watch na Amnesty International yalithibitisha vifo visivyopungua 33 Nairobi, vingi vikiwa Mathare, Babadogo, Dandora na Kibera. Mmoja wa waliokufa alikuwa mtoto wa kike aliyekuwa akicheza kwenye roshani ya nyumba yao Mathare Kaskazini. Machi 2020, katika siku za kwanza za kafyu ya korona, mvulana wa miaka 13 alipigwa risasi na kufa naye akiwa roshani, Kiamaiko.

Mauaji ya namna hii yanazaa vurugu nyingine. Kijana anayeamini kwamba atauawa kabla ya kufika miaka 25 hana sababu ya kuogopa jela, na familia iliyozika bila kesi kufunguliwa haioni faida ya kutoa ushahidi. Kituo cha Haki za Kijamii cha Mathare kilianza kuandika majina ya waliouawa, na orodha yake ilipotoka mwaka 2017 wengi nje ya Eastlands waliuona ukubwa wa tatizo kwa mara ya kwanza. Eastleigh imepitia hali hiyo kwa njia yake. Baada ya jeshi la Kenya kuingia Somalia Oktoba 2011, mtaa ulishambuliwa kwa mabomu, na baada ya bomu la matatu la Novemba 2012 maduka ya Wasomali yakavamiwa na majirani. Aprili 2014 operesheni ya Usalama Watch ikawakamata maelfu na kuwafungia katika uwanja wa Kasarani. Msako wa watu kwa sura zao ulilisaidia kundi la Al-Shabaab, ambalo lilikuwa tayari linatafuta vijana wenye hasira Majengo na Eastleigh.

Maandamano ya Juni 2024 dhidi ya Mswada wa Fedha yalileta sura mpya. Vijana walijipanga kwa simu, bila chama na bila kuulizana kabila. Polisi waliwapiga risasi vile vile. Mwaka uliofuata wahuni wenye rungu walionekana katikati ya jiji wakiwashambulia waandamanaji karibu na askari, na siku ya Saba Saba ya 2025 Tume ya Kitaifa ya Haki za Kibinadamu ilihesabu vifo vya watu wasiopungua 31 nchini. Wahuni wa kukodiwa na risasi za serikali, vyombo viwili ambavyo Eastlands ilivijua kwa miongo mingi, vilitumika safari hii mahali ambapo hoja ya ukabila haikuweza kutolewa.

Kesi ya Uhuru Kenyatta katika Mahakama ya Kimataifa ya Jinai iliondolewa Desemba 2014. Ile ya William Ruto na Joshua Sang ilisitishwa Aprili 2016. Uchaguzi mkuu ujao ni wa Agosti 2027. Wengi wa watakaopiga kura kwa mara ya kwanza siku hiyo walikuwa wachanga, au hawakuwa wamezaliwa, Huruma ilipowaka. Wazazi wao wanakumbuka ni nani aliyekuja na noti na fulana, na ni nani aliyekuja baadaye kuzika. Wawaambie watoto wao sasa, kabla ya magari yenye vipaza sauti hayajaanza kupita.